Msimamizi wa Sala ya Kimya

Alisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi wakampa jina la Darubini, maana hata kikohozi alikitilia shaka. Alistaafu pamoja na viatu vyake vya soli laini, vile visivyosikika vikimjia mtu kwa nyuma. Basi siku mchungaji alipotafuta mtu wa kujitolea kuongoza kikundi cha sala ya kimya, na Darubini akanyoosha mkono, kanisa zima liligeuka kumtazama.

Mtu asidhani alijitolea kwa utakatifu. Alijitolea kwa sababu hakuwaamini. Watu wazima wajifungie chumba cha nyuma ya kanisa kila Jumanne jioni, dakika ishirini, bila wimbo wala haleluya! Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijisemea, na huo mshindo ataujua yeye.

Lakini lilikuwepo na jingine, ambalo hakumwambia hata dada yake. Tangu afiwe na mume hakuweza kusali. Akifumba macho tu, anahisi kuna mtu anafanya jambo nyuma yake. Alitumaini kwamba akishika funguo za chumba yeye mwenyewe, huenda angeweza.

Jumanne ya kwanza alipanga viti hatua mbili mbili. Mikoba yote mbele.

"Kila mtu achague neno lake moja la kumrudia Mungu nalo," alisoma maelekezo ya mchungaji, kisha akaongeza ya kwake: "Na asimwambie jirani. Mnaweza kuanza."

Akaanza kupita katikati ya viti. Zilipobaki dakika tano, akatangaza kwamba zimebaki dakika tano. Fundi cherehani, mama wa makamo aliyekuwa amezama hasa, nusura aanguke.

"Mwalimu, na wewe si ukae?" fundi alimwambia baadaye.

"Nikikaa, nani ataangalia?"

"Aangalie nini?"

Swali hilo nalo Darubini alilitilia shaka.

Kufikia wiki ya saba, watu tisa walikuwa wamebaki watano, na kiongozi wao hajafumba macho hata dakika moja. Aibu ilimla. Na mwenye aibu hutafuta wa kumtwisha. Yeye alimpata seremala mmoja mstaafu, mzee mpole, shati limenyooka kwa pasi. Mzee huyu alifumba macho, akafumbua, akachungulia kiganja chake, akafumba tena. Hivyo hivyo tangu mwanzo wa sala. Kama kuna kitu Darubini alikijua duniani, ni mtu anayechungulia kiganja.

Alimnyemelea. Akamdaka mkono.

"Fungua!"

Wote wakafumbua macho. Mzee akafungua kiganja. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu, herufi kubwa: UKO KANISANI. UNASALI. NAKUJA KUKUCHUKUA.

"Ameandika binti yangu," mzee alisema. "Kumbukumbu inanitoka, mwalimu. Nikifumba macho nasahau niko wapi, naogopa. Nimekosa?"

"Haya," fundi cherehani alisema. "Umeridhika sasa?"

Darubini hakuwa na pa kuuweka uso. Alikaa kwenye kiti cha karibu, dakika zilizobaki zikapita bila kutangazwa. Watu walipoanza kuchukua mikoba yao, alimwendea mzee.

"Mzee wangu, naomba unisamehe."

Mzee alimtazama kwa adabu. "Kwa lipi, mama?"

Alikuwa amesahau. Hapo Darubini angeweza kunyamaza, na wala asingelaumiwa na mtu. Lakini alikuwa amewafukuza watoto wangapi kwenye mitihani, akiwaambia kosa ni kosa hata lisipoonekana? Akavuta kiti, akamweleza yote: jinsi alivyomshuku, alivyomnyemelea, alivyomkamata mbele za watu. Uso wa mzee ukabadilika.

"Mimi? Umenishika mimi kama mwizi? Milango ya nusu ya mji huu nimeitengeneza mimi, sijaiba hata msumari!"

"Najua, mzee wangu. Nisamehe."

"Siwezi. Leo siwezi." Akageukia ukuta.

Darubini alibaki palepale. Hukumu hiyo hakuitilia shaka hata chembe. Alifumba macho kwa uchungu, akasema "nisamehe," akarudia neno hilo moja, akarudia tena, bila kujua anamwambia nani, wala nani yuko nyuma yake.

Aliguswa bega. Mzee alikuwa amemwinamia, uso mkunjufu, hana habari ya ugomvi wowote.

"Mbona unalia, mama? Kaa nasi. Nadhani karibu tunaanza."

Tabasamu lile lilimuuma kuliko ile hasira, maana sasa yule mzee aliyejua amekosewa hakuwepo tena wa kumsamehe.