Sahani za Alhamisi Kuu

Ngumi aliyopigwa Nicanora Berrío mwezi wa pili ilikuwa ya mwisho, na aliyeamua hivyo ni yeye mwenyewe. Alimngoja mumewe, Eliécer, atoke kwenda kucheza domino, akashindilia nguo za mwanamume huyo kwenye gunia la mihogo, akalitupa nje, akatia komeo. Nyumba ile Nicanora kaachiwa na mama yake mzazi. Eliécer aliporudi aligonga, akatukana, akagonga tena, mwisho akabeba gunia lake hadi kwa mama yake, nyumba ya tatu mtaa huohuo wa wavuvi.

Basi, ungedhani mtaa utamtuliza aliyepigwa. Wapi! Mama mkwe, Ubaldina, ndiye anayeongoza rozari pale kwetu, na neno lake halirudishwi. Alipita mlango kwa mlango: "Juma Kuu hili, sahani ya yule mwanamke isipokelewe. Akimrudisha mwanangu, tutapokea."

Sasa sikia. Ijumaa Kuu kwetu hakuna anayegusa kisu wala kuwasha jiko, kwa hiyo Alhamisi kila nyumba hupika samaki na vitamu vya matunda, na sahani huvuka mtaa huku na huku. Hata mahasimu hupelekeana. Na sahani hairudi tupu. Nyumba isiyopelekewa wala kupokelewa ni nyumba iliyozikwa, na Ubaldina alilijua hilo vizuri sana.

"Dada, mwaka huu pika kidogo tu ule mwenyewe," Celmira, mdogo wake, alimsihi. "Utajiaibisha bure."

"Kwani mimi ndiye niliyempiga mtu? Nipishe huko."

Alfajiri ya Alhamisi alishuka pwani akanunua kolekole wabichi, wangali wanarukaruka. Akawapaka ndimu na kitunguu saumu, akawaachia tui zito lichemke nao polepole, na vipande vya ndizi mbichi kando. Kisha akaingia kwenye kitamu cha embe mbichi: sukari guru, mdalasini, karafuu. Hicho hukorogwa na mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipokezana mwiko kinaharibika, na hakuna mwanamke kwetu anayethubutu kujaribu. Mkono wa Nicanora ulikuwa na kifundo kilichowahi kuvunjwa, na uji wa embe ulipoanza kushika, jasho lilimtoka kwa maumivu.

"Nipe mwiko, dada, unaumia!"

"Aliyeuvunja mkono huu ni yeye. Leo mkono huuhuu utakoroga mpaka mwisho." Akakoroga, huku anauma meno, mpaka embe ikang'aa.

Akapakua, akatoka. Mlango wa kwanza ni kwa shoga yake Wilfrida, waliokua pamoja.

"Aa, Nica, sisi tumeshashiba," Wilfrida alisema, macho chini.

"Mmeshiba asubuhi hii, Alhamisi Kuu? Mmekula nini, mawe?"

Wilfrida akarudi ndani. Mlango wa pili ulifungwa kabla hajafika. Wa tatu Ubaldina mwenyewe kakaa kizingitini, Eliécer nyuma yake, kifua wazi.

"Mrudishe mwanangu, na sahani yako itapita," Ubaldina alisema.

"Mwanao huyo hapo, mama. Mlishe."

Akainama, akaiweka sahani miguuni pa mkwewe, akaondoka bila kugeuka. Kisha akairudia milango yote, kila kizingiti sahani: samaki upande huu, embe upande ule. Haya, watupe! Nani atathubutu kumwaga chakula Juma Kuu, mtaa mzima ukimtazama? Na kikishaingia ndani, chombo lazima kirudi.

Akatoa meza yake nje, akakaa na Celmira, akafyonza kichwa cha samaki kwa kelele hadi nyumba ya mwisho wasikie. Moyoni aliogopa. Kila mara alivipigia jicho vile vizingiti.

Mchana Wilfrida akaja na sahani imejaa papai la sukari. "Nimeleta chombo tu, usifikirie mengine."

"Sifikirii. Kaa chini, kichwa hiki chako."

Wilfrida akakaa, na kabla ya kumaliza kichwa akalia kidogo. Baada yake akaja wa pili na nanasi la nazi, kisha wengine, kila mmoja akijifanya anapita tu. Jioni meza haikuwa na pa kuweka kijiko.

Ndipo Ubaldina akaja. Watu wakampisha. Akaiweka sahani mbele ya watu wote: imeoshwa, kavu, tupu. Kurudishiwa sahani tupu kwetu ni aibu ambayo mtu hufa nayo.

Nicanora akaishika, akaigeuza. "Ilikuja kwako imejaa, mama. Imekwenda wapi?"

Ubaldina akageuka aende zake. Na kutoka nyumba ya tatu sauti ya Eliécer ikapaa juu ya mtaa:

"Mama! Ile embe imebaki?"

Mtaa mzima uliangua kicheko. Nicanora alicheka akajishika mbavu, zile alizozoea kuzishika kwa sababu nyingine. Kisha akaijaza ile sahani embe hadi ukingoni, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mpelekee. Embe atapata kila mwaka. Mlango hapati."