Kikuba cha Helebori

Maua ya helebori huchanua katikati ya baridi, kila kitu kingine bustanini kimekufa, lakini hayanukii hata kidogo. Mama alilijua hilo. Na bado kila Januari alipiga magoti kwenye kijibustani chetu cha Hayes, huku ughaibuni, akakata majani makuukuu yaliyoyafunika, akachuma maua machache. Huinamia chini; ukitaka kuyaona uso lazima uyainue kwa kidole. Aliyafunga pamoja na mrehani wa dukani, akanyunyiza marashi, akajibandikia kifuani. Kikuba kama hicho, ila cha asumini, ndicho alichokuwa akivaa Unguja kila Alhamisi jioni kumngojea baba.

Baba alichukuliwa nyumbani siku za mapinduzi, mimi nikiwa ninanyonya. Hakurudi, wala hatukuonyeshwa kaburi. Mama hakukaa eda, na hitma alikataa katakata.

"Mtu hai hasomewi," alisema.

Utomvu wa helebori unawasha. Kila mwaka kifua chake kilitoka malengelenge, nami nikampaka dawa huku nikinung'unika. Nilichoka, nakiri. Nilichoka kuishi na mtu ambaye hayupo.

Alhamisi moja nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja, magharibi imeshaingia kama kawaida ya majira yale, nikamkuta amekaa karibu na mlango na kikuba chake. Mezani vikombe vitatu. Hasira zikanipanda.

"Mama, baba keshakufa! Keshakufa zamani!"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Lakini wewe unajua."

Alikifungua kikuba, akakiweka mezani kando ya kikombe cha tatu. Asubuhi yake alivua bangili, akaingia eda. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, miezi minne na siku kumi, kwa mume aliyepotea akiwa kijana. Mimi ndiye niliyemfanya mjane.

Katika siku zote hizo alilisema jambo hilo mara moja tu.

"Akija, utamwambia wewe kwa nini nimekaa eda."

Mama naye ametangulia. Helebori zimejiotea zenyewe mpaka karibu na kizingiti, na kila Januari nazikatia majani. Siamini mizuka. Lakini Alhamisi jioni mlango ukigongwa, hata akiwa mleta vifurushi tu, nasimama kwanza ukumbini kabla ya kufungua, kwa sababu mpaka leo sijapata la kumwambia baba.