Gunia Lililoshushwa Didia

Nauza nafaka sokoni Kalangalala, hapa Geita, na kabla hamjaniona mtu mbaya niseme mapema: mimi sikuwa mbea. Wambea ni wale waliokuwa na muda. Mimi nilikuwa na simu tu, na simu yenyewe nilinunuliwa na mwanangu wa kwanza ili anione sura anaponipigia, si ili niwe mpelelezi.

Dada aliyepotea nilikuwa namfahamu. Alikuwa anapika wali na maharage kule mwaloni, pale mawe ya wachimbaji yanaposagwa na kuoshwa kutafuta dhahabu, na maharage alichukua kwangu. Mumewe ana karasha, ile mashine ya kusagia mawe, kwa hiyo ni mtu wa kuamkiwa. Majuma mawili kabla hajapotea, yule dada alikuja amefunga kitambaa vidole vitatu. Nikamuuliza umefanyaje. Akasema mlango. Nikamwambia, "Mwanangu, mlango wa kwako una mkono mzito. Juzi ulikupiga jicho." Akacheka, na mimi nikacheka, nikampimia maharage yake akaenda. Hayo ndiyo yote niliyofanya. Nililelewa kwamba ya mke na mume hayaingiliwi, na nilikuwa naona hiyo ndiyo busara.

Basi wiki moja hakuja. Ya pili hakuja, simu haipatikani, na wachimbaji wakawa wanakula kwa mwingine huku wanalalamika chumvi. Mume alikwenda mwenyewe polisi kutoa taarifa. Polisi wakaandika, wakasema wanafuatilia. Mtaa ukaona wanachelewa, ukafungua kundi la WhatsApp.

Kundi liliitwa Dada Yuko Wapi. Kiongozi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mtu aliyezoea kusikilizwa miaka yote na ambaye tangu astaafu alikuwa amebaki na mke tu wa kumsikiliza, naye alikuwa mgumu. Niliingizwa bila kuulizwa. Nikakuta watu zaidi ya mia mbili, wengi ni namba tupu bila majina, wote wanajua aliyemuua. Mwalimu alikuwa anaandika kitu alichokiita Uchambuzi wa Kina, Sehemu ya Kwanza, kisha Sehemu ya Kwanza B. Mume hakuingizwa. Mtuhumiwa huwezi kumweka kwenye kundi la kumtuhumu, hilo hata mwalimu aliliona.

Jamani, yale mambo. Mtu mmoja alipiga picha ya ndala moja ya bluu karibu na shimo la zamani, akaandika "Wakuu, mnaona ninachokiona?" Tukaijadili ile ndala siku tatu. Wengine wakasema imekanyagwa kwa nguvu, ishara ya kukimbia. Mwingine akapima kwa macho akasema ni saizi saba. Siku ya nne ikajulikana ndala ni ya mpiga picha mwenyewe, ilichomoka alipokuwa anatafuta pembe nzuri ya kupigia. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaandika kwamba katika upelelezi kuondoa uwezekano ni hatua. Katikati ya hayo mtu anatangaza mitumba ya watoto daraja la kwanza, mwingine anatuma maua na habari za asubuhi, halafu tunarudi kwenye maiti.

Maana hiyo maiti ilikuwa imeshakubaliwa. Kwetu huku mwanamke akipotea karibu na dhahabu, watu hawaulizi kama amekufa, wanaulizana shimo la nani limeanza kutoa dhahabu kwa damu yake. Mume alinyoa ndevu: anaficha sura. Mume alionekana anakula chipsi: mwenye huzuni hali chipsi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akaandika mwalimu, akamalizia na kikatuni cha mtu aliyeshika kidevu. Mimi nilikuwa nasoma nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu, nacheka peke yangu, lakini kusema kweli usingizi ulikuwa umepungua. Vile vidole vitatu vilikuwa vinanijia. Nilikuwa namwomba Mungu huyu mtoto awe hai tu, mahali popote.

Ndipo ikaja ile picha. Mama mzazi wa yule dada anaishi Didia, upande wa Shinyanga. Jirani yake naye alikuwa kwenye kundi, nisichoelewa ni nani alimtafuta mpaka huko. Akatuma picha ya gunia limeegemezwa ukutani kwa yule mama, akaandika kuwa basi limemshushia maharage, hakuna jina la aliyetuma, na akiulizwa ni nani, mama anasema hajui na anaingia ndani. Kundi likawaka. Dakika chache tu mwalimu akatoa Sehemu ya Tano: mama amelipwa anyamaze. Damu ya mwanawe ameiuza kwa gunia la maharage.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi ni mtu wa Didia. Yule mama simjui sana, ni wa kumpa shikamoo njiani na kupita, lakini najua watu wa kwetu, hakuna wa kuuza mtoto kwa maharage, tena maharage yenyewe hata si lumbesa ya kufurika, gunia limefungwa likiwa na nafasi. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili ili nipate la kumjibu mwalimu.

Sasa ngoja niwaeleze kitu ambacho watu wa nafaka tunakijua. Gunia likija kwangu siulizi limetoka wapi, naangalia mdomo. Kila soko lina mshonaji wake, na mshonaji ana mkono wake kama mtu alivyo na mwandiko. Geita hapa tunashona kwa kamba ya manila, haraka haraka, mshono mpana. Kule sokoni Runzewe kuna mzee anashona kwa nyuzi alizochomoa kwenye magunia chakavu, anakunja mdomo mara mbili, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto mshono wake unalala upande usio wake. Nimenunua mzigo Runzewe miaka mingi. Ule mshono ningeutambua hata ningeamshwa usingizini.

Na kwenye pembe ya gunia palifungwa kipande cha kitenge, cha kijani na maua meupe, mafundo mawili. Wanawake tunafanya hivyo ili mizigo isibadilishwe kwenye buti la basi au mashineni. Kila mmoja ana kitambaa chake. Na kile cha kijani, mafundo mawili, nilikuwa nimekiona kila wiki kwa miaka minne kikiondoka hapa kwangu.

Niliweka simu chini nikalia. Yu hai! Mtoto yu hai, yuko Runzewe, anamtumia mama yake maharage. Nililia kwa furaha mpaka jirani yangu wa dagaa akaniuliza nani amekufa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefuta machozi, akauza maharage, akafunga mdomo kama lile gunia. Kitambaa bila jina maana yake nini, kama si kumwambia mmoja tu na wengine wasijue? Yule mama aliposema hajui na kuingia ndani, alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko sisi wote mia mbili. Na mimi vidole vile nilikuwa nimeviona kwa macho yangu. Lakini mwalimu alikuwa anaandika Sehemu ya Sita. Nimewahi kujiambia kwamba nilisema ili kumtetea mama wa watu. Ni kweli kidogo. Kikubwa nilitaka mwalimu anyamaze.

Nikabonyeza kile kipaza sauti, nikaongea dakika nne. Nilieleza nyuzi, nikaeleza mkono wa kushoto, nikaeleza kitenge. Nikamwambia mwalimu kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na kama anataka kufundisha arudi darasani. Nikalitaja jina la Runzewe mara tatu, nadhani ili lieleweke.

Kundi lilipasuka. Mama wewe ni usalama wa taifa! Mama uwekwe makao makuu! Mtu akatuma picha ya simba. Mwalimu alikaa kimya saa nzima, kisha akaandika kuwa hilo alikuwa anaelekea kulisema. Bichwa lilinivimba, sifichi. Nilimrushia mwanangu ile sauti naye aisikilize.

Kisha ukaingia ujumbe pembeni, nje ya kundi, namba nisiyoijua. "Shikamoo mayu. Wabeja sana kwa kazi nzuri. Huyo mzee mshonaji anakaa upande gani wa soko?" Wa kwetu kabisa, ananiita mama na kunishukuru kwa Kisukuma, ana heshima zake. Nikamjibu marahaba mwanangu, nikamwelekeza: ukishuka stendi ingia njia ya wauza viatu, nyuma ya mashine ya kukoboa, utamwona chini ya turubai la bluu. Nikamwongezea kwamba akimkosa aulizie yule wa mkono wa kushoto.

Akajibu, "Mungu akubariki."

Ndipo nikagusa picha yake ili nimwone huyu mwenye adabu ni nani. Haikuwa picha ya mtu. Ilikuwa karasha, imepakwa rangi mpya, nyekundu.

Loh. Nilifuta ule ujumbe, simu ikaniambia umefutwa, kana kwamba macho yake nayo yamefutwa. Baadaye nilisikia kuwa mdogo wa yule mume alikuwa kwenye kundi tangu siku ya kwanza, namba tupu kama wengine, na kila Uchambuzi wa Kina ulikuwa unafika nyumbani kwa mtuhumiwa ukiwa bado wa moto.

Nikampigia yule mzee wa Runzewe. Alipokea mara ya tatu. Nikamwambia kuna dada mgeni hapo, kitenge cha kijani. Akasema yupo, anachambua maharage ghalani kwa mama mmoja, mtoto mtulivu, ana vidole havikunjiki vizuri lakini kazi anafanya. Nikamwambia mumewe anakuja, na nimemwelekeza mimi. Mzee akauliza, "Wewe ulimwelekeza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ngoja nikamwambie," akakata.

Alimwambia. Dada aliondoka saa ileile na mfuko mmoja, hakusema anaelekea wapi, na mwenye ghala alipotaka kumuuliza alimwomba asimuulize. Mume alifika kwa pikipiki jioni hiyo. Alikaa Runzewe siku tatu, mpole, anawanunulia watu soda, anawaambia mke wake amechanganyikiwa kidogo, anahitaji tu kurudi nyumbani. Wengi walimhurumia. Nilikwenda polisi nikaeleza yote, pamoja na vidole. Waliandika.

Kwenye kundi watu walimwomba mume msamaha. Kama mkewe yu hai, basi mume hakuua, na kama hakuua ni mtu mwema, ndivyo hesabu ilivyotoka. Mwalimu akamwingiza rasmi, akamkaribisha kwa maneno mazuri, na baada ya siku mbili akamfanya kiongozi mwenza wa kundi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uchungu zaidi. Mume akashukuru, akaandika kwamba yeyote atakayeona gunia lenye kitenge cha kijani apige picha. Watu wakaanza kutuma magunia. Ya mkaa, ya mihogo, ya saruji. "Mama wa Kalangalala, tusomee hili." Nikajiondoa. Nasikia walinijadili siku mbili, nimetoka kwa nini, ninaficha nini.

Alikuja kwangu pia, mume. Alisimama hapa mbele ya mizani, akaniamkia vizuri, akasema nimemsafishia jina. Nilimwambia toka mbele ya biashara yangu kabla sijakupiga na kibaba, mbele za watu, nikapiga kelele mpaka wa dagaa akaja. Alitabasamu akaondoka. Siku hizo kelele zangu hazikumfaa mtu tena.

Mama mzazi alikuja mwezi uliofuata. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amepungua, ameshika kanga kifuani kama mtu mwenye baridi na jua lilikuwa kali. Alikuwa ametoka Didia siku hiyohiyo, mabasi mawili. Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe unayejua magunia?"

Nikasema ni mimi. Nikamvutia kiti, hakukaa. Nikamwambia nisamehe mama, nilikuwa nakutetea, walikuwa wanasema umemuuza. Akasema alisikia walivyokuwa wanasema, yule jirani alikuwa anamsomea, na halikumuumiza hata neno moja.

"Nilikuwa najua mwanangu yu hai," akasema. "Nilikuwa najua peke yangu, na ilinitosha. Hawezi kutuma tena. Sasa mnajua ninyi nyote, mimi sijui."

Akabaki amesimama ananitazama, ananisubiri nimwambie kitu.