Kipa Tuliyemfuata Mikumi

Mume wangu alifariki akiwa bado anasema mpira ule uliingia. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya Kimamba, na mimi nilikuwa msichana wa Kilosa mjini niliyewashonea wachezaji wetu namba za mgongoni kwa cherehani ya mama, kisha nikawafuata kila walikokwenda kucheza. Tulikutana siku ya fainali ya wilaya. Timu yetu ilikuwa inaongoza moja bila, zimebaki dakika chache, mvua imenyesha tangu asubuhi. Kimamba wakapiga kona. Yeye akaruka, akapiga kichwa, na kipa wetu akajitupa akaudaka mpira palepale kwenye mstari. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee, na kombe likabaki Kilosa.

Mwaka uliofuata akanioa, na mpira ule tukahamia nao nyumbani. Redioni kipa akisifiwa kwa kudaka vizuri, nasema, "Kama yule wetu." Yeye ananijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Ule ulikuwa ndani." Namwambia nilikuwepo. Ananiambia, "Ulisimama kule pembeni, upande wa stesheni. Ungeona nini?" Watoto waliyajua maneno yetu kiasi kwamba walikuwa wanatutangulia kuyasema.

Miaka miwili baada ya kumzika, mashabiki wa timu yetu walitaka kuandaa mechi ya wakongwe na kuwaita wachezaji wa zamani tuwape heshima yao. Huwa tunakutana Jumapili alasiri kwenye kibanda cha fundi baiskeli, karibu na soko. Mimi ndiye mwanamke pekee anayekaa pale bila kuulizwa amefuata nini. Tulianza kupanga kumi na mmoja bora wa timu tangu tuijue, tukabishana wiki tatu. Walikuwapo waliomtaka beki mmoja mtoto wa wafugaji, ambaye uwanjani alikuwa haongei na mtu, anawapanga wenzake kwa mluzi kama anaswaga ng'ombe. Wengine walisema alikuwa mzito kugeuka. Kuhusu kipa hakuna aliyebisha. Kila mmoja alisimulia alivyouona mpira wa ile kona, hata waliokuwa hawajazaliwa.

Kipa mwenyewe alishahamia Mikumi na hakuwa na simu inayopatikana. Ikaamuliwa tumfuate watu watatu: mwenyekiti wetu, ambaye ni mstaafu wa reli, yule fundi baiskeli, na mimi. Fundi ana shemeji yake anayepeleka mchele Mikumi kwa gari dogo la mizigo. Tukapanda asubuhi, tukapita Masanze watu wakiwa tayari mashambani.

Tulimkuta kando ya barabara kuu, chini ya bati, anaziba pancha ya tairi la lori. Amekuwa mzee mwembamba, lakini viganja vilikuwa vilevile, vikubwa kama majembe.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia.

"Marahaba. Karibuni. Tairi lenu liko wapi?"

Mwenyekiti akacheka, akajitambulisha, akatutambulisha na sisi. Mzee akanawa mikono, akatuagizia chai na chapati kwa mama wa jirani, tukakaa kwenye tairi zilizolala. Mwenyekiti akamweleza habari ya mechi ya wakongwe. Akamwambia kwamba watu wa Kilosa hawajamsahau, hasa kwa mpira ule wa fainali.

"Upi?" akauliza.

"Ule wa kona. Ulioudaka kwenye mstari."

Akakoroga chai yake. "Ule ulikuwa ndani," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Yalikuwa maneno ya mume wangu, hayakupungua hata moja.

Mwenyekiti akasema, "Mzee, ni zamani. Labda umechanganya na mechi nyingine."

"Nimesahau mengi. Hilo sijalisahau. Mstari ulikuwa wa majivu, mvua imeshaufuta, na magoli yetu hayakuwa na nyavu. Mpira niliukuta nyuma yangu, nikauvuta kifuani na kuugeukia uwanja. Mwamuzi alikuwa mbali, anateleza kwenye tope."

Fundi baiskeli akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza? Kipenga kilipolia mlinibeba juu. Ukiwa juu kule, utaanzia wapi?"

Lori lililokuwa linasubiri tairi lilipiga honi, akamwambia kijana wake aendelee nalo. Kisha akauliza, "Yule aliyepiga kichwa mnajua yuko wapi? Yule mrefu wa Kimamba."

Mwenyekiti akanitazama. Nikasema, "Alikuwa mume wangu. Ametangulia, ni mwaka wa pili sasa."

Akaweka kikombe chini. Akanipa pole, kisha akaniomba radhi, na sikuelewa ananiomba radhi ya nini mpaka alipoendelea. Baada ya mechi ile, mume wangu alimfuata yeye kipa nyuma ya uwanja, alikokuwa peke yake anakamua jezi. Alimpa mkono, akamwambia, "Unajua." Naye akajibu, "Najua. Lakini nakuomba usiniseme, hapa wataniua."

"Akaniambia hatanisema," mzee akamaliza. "Nilikuwa nasikia alioa Kilosa. Kila nikipita kule nilitegemea watu wanizomee. Hakuna aliyewahi."

Nilikaa pale na chapati yangu mkononi. Miaka yote ile tulipobishana, alikuwa na jibu la kuninyamazisha siku moja na ikaisha. Ilitosha aseme kipa wenu amekiri kwangu. Hakulisema kwangu, hakulisema kwa watoto, hata siku zile za mwisho hospitali ambapo tulikuwa tunabishana ili tu apate kutabasamu. Nilimwonea uchungu upya, na nikamkasirikia kidogo pia. Mimi nilikuwa mkewe, si mshabiki wa pembeni. Lakini nadhani alinijua. Ningekwenda kulisema kibandani Jumapili ileile.

Tulipokuwa tunarudi mwenyekiti alitugeukia. "Haya mambo tuyaache Mikumi," akasema. "Watu wana furaha yao."

Fundi akaitikia. Mimi sikuahidi kitu, na yeye hakunibana.

Siku ya mechi ya wakongwe mzee alikuja. Nilimshonea jezi yenye namba moja, akaivaa juu ya shati lake. Walipompa kipaza sauti aseme neno, alishukuru, akasalimia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mpira wa ile fainali uliingia, na kwamba anaomba radhi kwa Kimamba. Uwanja mzima ukacheka. Waliona mzee anajishusha, wakamshangilia zaidi. Alijaribu kulirudia, mtangazaji akamshukuru na kuchukua kipaza sauti. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumapili iliyofuata kibandani wakauliza mimi naonaje. Nikasema lilikuwa goli. Mmoja wao akasema, "Dada anamtetea marehemu," na hakusema kwa ubaya. Sikubishana naye. Nilimpigia kura kipa yuleyule kwenye orodha yetu, kwa sababu mipira mingine yote niliyomwona akidaka, alidaka kweli.

Wiki hiyo nilikwenda Kimamba kwa kaka mkubwa wa mume wangu, kwa kuwa niliona ndiye anayestahili kuambiwa. Nilimkuta anachambua mbegu za mahindi barazani. Nikamwamkia, nikamsimulia yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya ungo.

"Kwa hiyo alijua tangu siku ile kwamba alifunga," akasema.

"Alijua, na akanyamaza."

"Hata mimi hakuniambia. Mimi nilimwambia mara nyingi aache kubishana na mkewe, maana hana ushahidi." Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza huyo kipa hali yake ikoje, nikamwambia ni mzima ila magoti yanamsumbua. Akasema mwezi ujao ana safari ya Mikumi kutafuta mbao, atapita kumsalimu. Akamwita mkewe atuletee chakula, na tulipomaliza kula nikamsaidia kuchambua mbegu mpaka jua lilipopungua ukali.