Bibi Hakuwa Sufuria

Hapa Mchinga bado wapo wanaosema kwamba siku ya msiba wa bibi nilimvunjia shangazi heshima mbele ya watu. Nimewasikia kisimani na nimewasikia dukani. Huwa sijibu, maana mimi si mtu wa maneno. Nikiwakuta wakubwa wamekaa barazani, natoa shikamoo moja kwa wote huku nikitazama chini, kisha napita. Lakini leo nimekaa na kalamu, naandika polepole kama nilivyokuwa nikiandika shule ya msingi, na ninachoandika ni kwamba sikukosea. Ingetokea tena, ningefanya vilevile.

Bibi alikuwa mama wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilipomaliza darasa la saba alikuwa bado anasuka makuti mwenyewe na kuwatania wanaokuja kununua. Kisha asubuhi moja upande wake wa kushoto ukapooza, na tangu hapo kumwogesha ikawa kazi yangu.

Siku ya kwanza nilimkalisha uani kwenye kigoda, nikachota maji kwa kata, nikamwaga. Niliona haya kumtazama, kwa hiyo nilifanya haraka. Aliniacha mpaka nikamaliza. Halafu akasema, kwa ule mdomo wake ulioenda upande, "Mke mwenzangu, umeniosha kama sufuria. Nina masizi mimi?"

Nilicheka mpaka kata ikaniponyoka.

Tangu hapo hakuniacha. Nikimsugua mgongo kwa nguvu, ananiambia nisimfue, yeye si shuka. Siku ya mawingu, nikimmwagia maji kidogo ili tuwahi kuingia ndani, analalamika kwamba nimemsuuza tu, kama kikombe cha mgeni aliyekataa chai. Nikimpitishia kitambaa usoni anauliza hii meza naipangusia nani. Siku niliyofanya sawasawa hakusema chochote. Alifumba macho, akaacha kichwa kiegemee tumboni kwangu, maji yakawa yanashuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimemwogesha.

Nilimsimulia habari ya darasani. Tulipokuwa darasa la sita mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno "wash", akatuambia ni kuosha. Mwenzangu wa dawati moja akauliza, na kufua nguo? Mwalimu akasema ni hilohilo. Kunawa mikono? Hilohilo. Na kumwogesha mtoto mchanga, je? Mwalimu alikuna kichwa, akasema wenyewe huongeza neno hapa na pale, na maneno mengine wanayo, lakini hilo moja linafika kote. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka nimeziba mdomo kwa mkono.

Bibi alifikiri kidogo. "Basi ukiugua kwao," akasema, "omba Mungu asije akakushika mtu wa jikoni."

Mimi siwacheki. Huenda wao tofauti hiyo wameiweka mkononi, na anayeogesha mzee kwao anajua kabisa kwamba hajashika chungu. Sisi tumeiweka katika neno lenyewe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akifanya ovyo hawezi kusema hakujua.

Mkono wangu ulichelewa kujifunza, lakini ulijifunza. Bibi alikuwa anaogopa maji yasimwingie sikio la kushoto, kwa hiyo kila nikimwosha kichwa nililiziba kwa kiganja. Vidole vya mkono uliopooza vilikuwa vimejikunja, ndani kunabaki jasho. Ukivivuta kwa pamoja anaumia. Nilivifungua kimoja kimoja, nikaanza na kidogo.

Alifariki asubuhi, uji wake ukiwa haujapoa. Kabla ya adhuhuri shangazi alikuwa amefika kutoka Mtanda, kule Lindi mjini. Yeye ni binti mkubwa wa bibi, na msiba ulikuwa mikononi mwake. Alipanga wanaume wa kuchimba ufuo, lile shimo la kupokea maji chini ya kitanda, akamtuma mtu akalete majani ya mkunazi ya kutia kwenye maji, akatundika mashuka kuzunguka kitanda. Kisha akataja watakaoingia kuosha: yeye mwenyewe, jirani mmoja, na yule mama anayeosha maiti hapa kijijini.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifikiri amenisahau tu.

"Na wewe," akaniambia, "una haya, utatuangukia humo ndani. Nenda nyuma kaoshe masufuria. Watu wanakuja."

Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imemkauka. Nilikwenda. Nilichukua majivu, nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, nikaanza kusugua. Masizi yalikuwa yameganda. Nikasikia upande wa pili wa ukuta maji yanamiminwa kwenye ndoo, na jirani anauliza kama haya yanatosha. Nikatazama mikono yangu ilivyokuwa inakwangua. Bibi alikuwa anaogeshwa mara ya mwisho, na mikono hii ilikuwa huku nyuma kwenye sufuria.

Niliiacha sufuria hapo ilipo. Nikanawa majivu, nikapita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka. Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile. Nilisimama mbele ya shuka.

"Shangazi, masufuria nimeyaacha. Nimekuja kumwogesha bibi."

"Nimeshasema, tunaosha sisi."

"Mwosheni. Mimi naingia kumwogesha. Nimemwogesha alipokuwa anaona aibu, hata leo hakuna mwingine atakayemwogesha mimi nikiwa jikoni. Kama ni kutolewa hapa, nitolewe kwa kubebwa."

Maneno yote yalitoka. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Kumbe mdomo anao." Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka miguu itanirudisha kwenye majivu.

Shangazi alishika ukingo wa shuka kwa muda. Yule mama muoshaji alikuwa anamngoja.

"Katawadhe," shangazi akasema. "Ndipo uingie."

Sikuanguka. Tulimfunika bibi kama inavyotakiwa na tukaanza upande wa kulia, yule mama akituongoza kwa sauti ya chini. Ilipofika zamu ya kichwa, shangazi aliinua kata, nami nikaweka kiganja kwenye sikio la kushoto.

"Hasikii maji tena, mwanangu," akaniambia.

"Najua."

Sikuondoa mkono. Akamwaga polepole, polepole zaidi kuliko alivyokuwa ameanza. Tulipofika kwenye ule mkono wa kushoto alitaka kuufungua, kisha akaona navishika vidole kimoja kimoja, nimeanza na kidogo. Akasogea, akanipa kata.

Baada ya hitima aliniambia nifue nguo zote za bibi zitolewe sadaka. Nilifua. Nilizianika kwenye kamba, nikazikunja zilipokauka, nikampelekea. Akazipitia, akauliza iko wapi khanga ya njano, ile aliyokuwa akijifunga akitoka kuoga.

"Ile sifui, shangazi. Na sadaka haiendi."

"Wewe ni mbishi."

"Ndiyo, shangazi."

Alinitazama, akafunga mzigo wake bila ile khanga. Iko chini ya mto wangu, ina harufu ya mafuta ya nazi na ya sabuni aliyoipenda. Wanaosema kisimani wanaijua na hiyo, na wanasema nguo ya marehemu haikai hivyo ndani. Waseme. Khanga sijaifua na sitaifua.