Fundi Mkasi na Kovu la Pasi

Walimwita Fundi Mkasi kwa sababu alikata kitambaa bila kuchora chaki, na mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Kushona, alisema, anaweza yeyote mwenye miguu ya kukanyaga cherehani. Kazi ni kukata. Basi pasi ilipomwangukia mkononi, kidonda kikapona kwa kovu nene kati ya kidole gumba na cha shahada, na mkono ukagoma kufunguka. Mkasi haushikiki. Mwanamke huyo, jamani, mkali vile, alilia kama mtoto.

Kazi ya kukata ikahamia kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa na moyo mzuri na jicho bovu. Alitoa suruali yenye mguu mmoja mfupi, halafu akasema mteja ndiye asiyejua kusimama. Wateja wakaanza kupita mlangoni wakijifanya wanaongea na simu.

Kwenye kliniki ya ngozi, daktari alikuwa akilitoboa kovu kwa mwanga wa leza, vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha anapaka dawa ya kulilainisha ipenye humo. Miezi ikapita, kovu gumu vile vile. Daktari akamwambia fundi wazi: watajaribu mara moja zaidi, na lisipolegea, mkono utabaki hivyo hivyo maisha.

Siku hiyo ya mwisho daktari alimgusa mkono, akashtuka. "Mama, una homa?"

"Homa ya wapi! Nimeuloweka kwenye maji ya moto tangu asubuhi. Kila nikija hapa nauloweka. Si ngozi ikipata joto ndiyo inakunywa dawa vizuri?"

"Nani kakwambia?"

Fundi akamtazama wifi, aliyekuwa amemsindikiza. Wifi akatazama dari.

Daktari akavuta kiti, akaketi. "Kosa ni langu pia, sikukuuliza. Joto linaifanya damu ijae na kukimbia chini ya ngozi. Mimi naweka dawa, damu inaizoa na kuondoka nayo kabla haijafanya kazi kwenye kovu. Tunataka damu itulie, dawa ikae pale pale."

"Yaani miezi yote hii nilikuwa napika mkono wangu! Wifi, wewe!"

"Nilitaka kukusaidia!"

"Unisaidie? Kama ulivyoisaidia ile suruali?"

Daktari akaushika tena mkono. Ulikuwa umezidi kupata moto. Akamwonyesha wifi mlango. "Hasira nayo inapandisha damu. Utusubiri nje, dada yangu."

Mkono ukafunikwa kwa kitambaa cha baridi hadi ukapoa kabisa, ukapakwa dawa ya kubana mishipa midogo, na fundi akaamriwa anyamaze. Kunyamaza kulimuuma kuliko leza. Dawa ya kovu ilipowekwa safari hii, ilipenya kwenye vile vitundu ikatulia humo, na damu haikuizoa.

Wiki zikaenda. Kovu likaanza kulegea. Fundi akawa anavinyoosha vidole kila alipokaa, akiviapiza vikichelewa.

Asubuhi moja mteja alileta kitambaa cha koti, kizito, kizuri. Wifi akakitandaza mezani na kuchukua mkasi, na mteja akafumba macho.

"Weka chini," fundi akasema.

Akachukua mkasi. Kidole gumba kikafunguka, kikaingia kwenye tundu lake, na mkasi ukatembea. Ukapita begani, ukazunguka kwapa, ukashuka ubavuni moja kwa moja bila kusita. Wifi akapiga kigelegele mpaka muuza viatu wa jirani akaja mbio akidhani kuna jambo.

"Jambo lipo!" fundi akamjibu, machozi yakimtiririka na kicheko kikimtoka. "Hebu simama hapo uone!"

Akamaliza koti la mteja. Halafu akavuta kitambaa chake mwenyewe kutoka kabatini, akakata koti la pili ambalo hakuna aliyeliagiza, kwa sababu tu mkono ulikuwa bado unataka.