Mguu Unaotangulia Mpira

Saa tatu asubuhi, Mama Nyasi amesimama peke yake kwenye nyavu za mazoezi, gongo la kriketi mkononi, aproni ya kazi bado kiunoni. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mkata nyasi wa kiwanja hiki. Mbele yake, mashine ya kurusha mipira imefunikwa shuka asione mpira utatokea upande gani.

Mguu wake wa kushoto unasogea. Ndipo mpira unapotoka, unaufuata mguu pale pale ulipokwenda, na gongo linaupiga katikati.

Kocha amehesabu mipira arobaini. Hajakosa hata mmoja.

"Mwanzoni nilicheka," anasema kocha. "Halafu nikarusha kwa mkono, yeye kanipa mgongo. Mguu ukasogea vilevile! Sikucheka tena."

Hakuna aliyemfundisha. Mwaka jana aliingia kuokota mipira, mchezaji mmoja akamtania ajaribu. Tangu hapo wenzake wa stoo humpisha mlangoni, wakinong'ona kwamba hapa kuna mkono wa mtu.

"Afadhali ungekuwa mkono," anasema Mama Nyasi, akijaribu kucheka. "Mguu wangu unatoka kabla sijaamua. Juzi jikoni ulirudi nyuma wenyewe, na sufuria ya maji ya moto ikaanguka pale pale nilipokuwa nimesimama. Binti yangu akaniuliza, 'Mama, nani kakwambia?'"

Anaogopa, na hafichi.

Jumamosi wateuzi wa timu ya taifa ya wanawake wanakuja. Kocha anamtaka aende hivyo hivyo alivyo. "Kipaji ukikirekebisha kinaingia woga," anasema. "Nimeshaharibu wawili kwa kuwabadilisha mshiko tu."

Mama Nyasi anataka kufundishwa kama mtoto: kusimama, kushika, kutazama. Amembembeleza kocha wiki mbili nzima. Jana kocha alikubali, shingo upande.

Sasa shuka linaondolewa na mashine inapunguzwa kasi. Kocha anachora mstari wa chaki. "Mguu usivuke hapa mpaka uuone mpira. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, kocha."

Anauzuia mguu kwa nguvu, paja linatetemeka. Mpira wa kwanza unampita. Wa pili pia. Wa saba unamgonga ubavuni, anaguna na kuinama.

"Basi Jumamosi umeiua mwenyewe!" kocha anafoka, mikono kichwani.

Mama Nyasi anasugua ubavu. Anatabasamu, mara ya kwanza asubuhi hii. Maumivu haya, anasema, anajua yametoka wapi.

Anaulizwa kama bado anaitaka timu ya taifa.

"Naitaka sana, hata ikinichukua miaka mitatu," anajibu, akirudi kwenye mstari. "Ila siku wakiniteua, wawe wameniteua mimi."